Kizingiti na Ufa

Hapana fadhila inayosifiwa kwa ndimi nyingi kuliko uthabiti, wala hapana ambayo asili yake huchunguzwa kwa uchache zaidi. Mtu aliyeshika ahadi yake wakati wa dhiki huitwa mwenye moyo mkubwa; aliyeiacha huitwa mwenye moyo mdogo; na kwa kusema hivyo watu hudhani wameeleza jambo, kumbe wamelipa jina tu. Swali hubaki palepale. Uthabiti ni nini? Je, ni wingi wa nguvu iliyomo ndani ya mtu, hata asiwepo wa kumgeuza ila mwenye nguvu kumshinda? Au ni kitu kingine, ambacho mwenye nguvu nyingi aweza kukikosa, na mwenye nguvu za kadiri akawa nacho?

Swali hili si la mchezo. Juu yake husimama namna tunavyolaumu na namna tunavyolea. Shahidi anayegeuza maneno yake mbele ya hakimu, karani anayetia mkono katika sanduku baada ya miaka ya uaminifu, kijana anayeacha njia aliyoapa kuifuata: wote hawa twawapima kwa mizani moja, mizani ya nguvu za moyo. Ikiwa mizani hiyo ni mbovu, basi hukumu zetu nyingi ni dhuluma, na mafunzo yetu mengi ni kazi bure.

Nataka kulitazama swali hili kwa dirisha lisilozoeleka katika kurasa za lugha na fasihi, nalo ni elimu ya sumaku za molekuli moja. Sisemi kwamba molekuli ina moyo, au kwamba kemia ni chuo cha maadili. Nasema kwamba wataalamu wa elimu hiyo wamelazimika, kwa muda wa zaidi ya miaka 30, kuuliza swali lilelile: kitu gani hukifanya kitu kishike mwelekeo wake kisiusahau? Nao wamepata bahati ambayo mwanamaadili hana: jibu lao waweza kulipima.

Sumaku ya kawaida, kama ile iliyomo katika dira ya nahodha, ni jeshi la atomu zisizohesabika zinazosaidiana kuelekea upande mmoja. Moja ikiyumba, jirani zake huirudisha. Sumaku ya molekuli moja haina jeshi. Ni fungu dogo la atomu zilizoungana, na mwelekeo wake wa kisumaku umo ndani yake yenyewe. Huelekea juu au huelekea chini. Zikielekezwa juu kwa sumaku kubwa, kisha sumaku hiyo ikaondolewa, molekuli za namna hii hubaki zimeelekea juu kwa muda. Halafu huanza kulegea. Moja hugeuka chini, na nyingine, na nyingine tena, hata mwisho zilizo juu na zilizo chini huwa sawasawa, na amri ya kwanza huwa kama haikutolewa kamwe. Kulegea huko ndiko habari yetu. Inayolegea baada ya miezi twaiita thabiti. Inayolegea kwa kufumba na kufumbua twaiita dhaifu.

Molekuli ya kwanza kujulikana kwa sifa hii ilitengenezwa na Mpolandi Tadeusz Lis, aliyetangaza umbo lake mwaka 1980. Ina atomu 12 za metali ya manganizi zilizofungamanishwa kwa oksijeni: nne katikati, na nane zikizizunguka kama pete. Mwaka 1993 Roberta Sessoli, Dante Gatteschi na wenzao walionyesha ajabu yake. Katika baridi ya kelvini 2, yaani kiasi cha digrii 271 za Selsiasi chini ya sifuri, molekuli hii hushika mwelekeo wake kwa yapata miezi miwili. Zile atomu nane za nje huvuta upande mmoja na zile nne za ndani huvuta upande wa pili. Spini ya kila moja ya nje ni 2, na ya kila moja ya ndani ni 1.5, ondoa 6 katika 16, hubaki 10. Hiyo ndiyo spini ya molekuli nzima, yaani kipimo cha nguvu yake ya kisumaku.

Kati ya juu na chini pana kizingiti cha nishati. Molekuli itakayo kugeuka yapaswa kupata joto la kuipandisha juu ya kizingiti hicho ndipo iangukie upande wa pili. Katika baridi kali joto hilo halipatikani, kwa hiyo molekuli hukaa mahali pake. Urefu wa kizingiti hutokana na mambo mawili: ukubwa wa spini, na kiasi ambacho umbo la molekuli hupendelea mhimili mmoja kuliko mwingine wowote. Waliosikia habari hii mwanzoni walifanya hesabu ambayo kila mmoja wetu angeifanya. Walisema, tuongeze spini. Tukusanye atomu nyingi zaidi, zivute pamoja, na kizingiti kitapanda chenyewe. Ilikuwa ni ile methali ya umoja ni nguvu, imevaa joho la maabara.

Mwaka 2006 methali hiyo ilipata jaribio lake. Wataalamu wa Karlsruhe, Ujerumani, walitangaza molekuli yenye atomu 19 za manganizi. Spini yake ilikuwa 41.5, zaidi ya mara nne ya ile ya kwanza, na atomu zake zote zilivuta pamoja bila hata moja kuasi. Lakini uthabiti haukuonekana. Molekuli hiyo karibu haina kizingiti cha kutajika. Sababu ni kwamba kila atomu ya manganizi iliyoweza kuleta upendeleo wa mhimili ilikuwa na mhimili wake, na mihimili hiyo, ikielekea huku na huko, ilifutana. Zote zilikubaliana kwenda pamoja, lakini hazikuwa na pa kwenda. Popote zilipoelekezwa zilikwenda, na zilipoelekezwa pengine zilikwenda vilevile.

Nani asiyelijua kundi la watu la namna hiyo? Leo huimba wimbo huu kwa sauti moja, kesho huimba ulio kinyume chake kwa sauti ileile moja. Hakuna atakayesema kwamba wametengana, au kwamba ni wachache, au kwamba hawana nguvu. Walichokosa ni upendeleo wa njia moja, kitu ambacho wingi hauwezi kukitoa. Basi hili na liwe neno la kwanza: umoja ni nguvu, lakini nguvu siyo uthabiti.

Baada ya hapo wachunguzi wengi waliacha kukimbilia wingi. Mwaka 2003 Naoto Ishikawa na wenzake, huko Japani, walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba atomu moja tu ya metali yaweza kutosha, ikiwa imewekwa mahali inapostahili. Ilikuwa atomu ya terbiamu, imebanwa kati ya molekuli mbili bapa zilizo kama sahani, moja juu na moja chini. Tangu hapo swali likawa jingine. Halikuwa tena, ni ngapi? Likawa, zimepangwaje?

Hapa pana jambo la kutia akilini sana. Elektroni za kisumaku za disprosiamu, metali iliyo jirani ya terbiamu, zinapokuwa katika hali yao ya nguvu kuu ya kisumaku hukaa kwa umbo bapa, kama chapati. Elektroni husukumana na elektroni. Kwa hiyo vikundi vya atomu vyenye chaji hasi vikiwekwa juu na chini ya chapati hiyo, huibana ikatulia katika ubapa wake, na mhimili wake ukasimama wima. Lakini erbiamu, metali ya ukoo uleule, ina umbo la kurefuka, kama yai lililosimamishwa. Hiyo hutaka kuzungukwa kiunoni, wala si kubanwa utosini na nyayoni. Pete mbili pana za kaboni nane nane zikiizunguka erbiamu huifanya sumaku hodari; pete zizo hizo zikiizunguka disprosiamu huiacha hafifu. Mpango uleule, matokeo mbalimbali.

Wazazi na walimu wana haja ya kulikumbuka hili kuliko wanakemia. Twapenda kusema kwamba mazingira mema humjenga mtoto, kana kwamba wema wa mazingira ni kitu kinachojulikana kabla ya kumjua mtoto mwenyewe. Ukali uliomnyoosha ndugu mkubwa hutumiwa kwa ndugu mdogo. Ukimvunja, yeye ndiye huambiwa kwamba ni mdhaifu. Hapana mazingira mema kwa kila umbo. Pana yanayolifaa umbo na yasiyolifaa, na anayelea bila kutazama umbo anafanya kazi ya kubahatisha.

Nimesema habari ya kizingiti. Sasa niseme habari ya ufa. Mwaka 1996 ilithibitishwa kwamba molekuli ya manganizi 12 haigeuki kwa kupanda juu ya kizingiti peke yake. Kwa sheria za fizikia ya kwanta, ambazo hazifanani na sheria za dunia ya macho yetu, molekuli yaweza kupenya katikati ya kizingiti bila kukipanda, kana kwamba ukuta una ufa usioonekana. Molekuli nyingine, yenye atomu nane za chuma, ilionyesha jambo hilo kwa uwazi mkubwa: chini ya kelvini 0.36 kulegea kwake hakupungui hata baridi ikizidishwa. Joto la kupanda halipo tena, walakini molekuli zaendelea kugeuka. Hazijashindwa kwa nguvu. Zavuja tu.

Ufa huo hutoka wapi? Hutoka katika kasoro za umbo. Molekuli ingekuwa imenyooka kamili katika mhimili wake, ufa ungekuwa mdogo mno. Lakini pembe ikipinda kidogo, atomu moja ikisogea kando, au sumaku za molekuli za jirani zikiingilia, njia hufunguka. Ndiyo maana wataalamu huzitawanya molekuli za namna hii katikati ya ndugu zake zisizo za kisumaku, zilizotengenezwa kwa itriamu badala ya disprosiamu, ili jirani asimsumbue jirani. Na mara nyingi molekuli iliyotengwa hivyo hulegea polepole zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Kemia yaongeza neno: hata ukijenga ukuta mrefu, ufa ukibaki, umejenga bure.

Ushahidi wa neno hilo ni molekuli mbili ambazo ningependa kila mwanafunzi wa maadili azijue. Ya kwanza ilitangazwa mwaka 2016. Ndani yake atomu moja ya disprosiamu imebanwa na oksijeni mbili, moja juu na moja chini, na kuzungukwa kiunoni na pete tano zenye naitrojeni. Kizingiti chake kilipimwa kikapatikana kuwa kelvini 1815, urefu uliowashangaza watu wakati huo. Lakini kumbukumbu yake ilifika kelvini 14 tu. Ya pili ilitangazwa mwaka 2017 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Manchester, na wengine waliifikia wakati uleule. Ndani yake disprosiamu imekaa kati ya pete mbili za kaboni tano tano, wala kiunoni haikuguswa na kitu. Kizingiti chake ni yapata kelvini 1760, yaani kifupi kidogo kuliko cha ile ya kwanza. Lakini kumbukumbu yake ilifika kelvini 60.

Msomaji na azitazame tena hesabu hizo. Vizingiti vyakaribia kuwa sawa, na kama pana tofauti, aliyesahau upesi ndiye mwenye kizingiti kirefu. Angepewa mwanamaadili wa zamani kuhukumu kwa nguvu za moyo peke yake, angempa tuzo yule wa kwanza.

Sehemu kubwa ya jibu, kama walivyoeleza wachunguzi wa 2017, imo katika mitetemo. Hakuna molekuli inayotulia. Atomu zake hutikisika daima, na mtikisiko wowote ulio na mdundo unaolingana na ngazi za nishati za metali huweza kuipa msaada wa kugeuka. Viambata vingi vinavyotikisika kila kimoja kwa namna yake, vikiwa karibu na metali, ni milango mingi ya kutokea. Pete ya kaboni tano ni kitu kigumu, atomu zake zimeshikana, nayo hushika metali kwa uso wake wote. Mitikisiko inayoweza kuisumbua metali hupungua. Tofauti kati ya molekuli hizi mbili, basi, ilikuwa kwa sehemu kubwa tofauti ya walioizunguka metali na makelele yao.

Mwaka 2018 Richard Layfield na wenzake walizisogeza pete hizo karibu zaidi na metali, na kuinyosha pembe kati yao kutoka karibu digrii 153 hata zaidi ya 162. Kumbukumbu ikafika kelvini 80, ikipita kelvini 77 ambazo naitrojeni ya majimaji huchemka. Mwaka 2025 ilitangazwa nyingine iliyofika kelvini 100. Hiyo ni digrii 173 chini ya sifuri, baridi isiyopata kupimwa mahali popote pa wazi duniani. Kwa hiyo safari bado ni ndefu. Walakini tazama jinsi hatua zilivyopigwa: kwa kunyosha, kwa kusogeza, kwa kupunguza makelele, na kizingiti nacho kikipanda kwa sababu ya unyofu huohuo.

Msomaji makini ataleta hoja. Atasema: ikiwa uthabiti ni mpango wa umbo na majirani, basi aliyelegea hana lawama, alaumiwe aliyempanga. Hoja hii ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo isidharauliwe. Karani mwenye mshahara usiotosha, aliyekabidhiwa sanduku lisilokaguliwa na mtu, akaketishwa kati ya wenzake wanaochota kila siku, na kisha akahubiriwa uaminifu kila Ijumaa na kila Jumapili, amewekewa nyufa saba na kusifiwa kizingiti kimoja. Siku atakapoanguka, waliomketisha hapo wana sehemu yao ya lawama, wala wasijifiche nyuma ya neno moyo mdogo.

Lakini nusu ya pili ni kwamba molekuli hupewa umbo lake, na mtu hujipa sehemu ya umbo lake mwenyewe. Mtu huchagua rafiki na huchagua jirani wa kuketi naye. Huchagua deni la kukopa na deni la kuliacha. Huchagua siri ya kuificha, ambayo kesho itakuwa kamba mkononi mwa mwingine. Uchaguzi huu hufanywa katika siku tulivu, wakati hakuna jaribu lililo karibu wala shahidi wa kutazama. Saa ya joto ikifika, mambo mengi yamekwisha kuamuliwa. Kwa hiyo lawama haiondoki, huhama mahali. Hutoka katika saa ya kuanguka, ikarudi nyuma kwenye siku za ujenzi. Anayejiuliza, je, nitakuwa na nguvu siku ile? amekosea swali. Na aulize, leo nimeacha ufa gani?

Pana hoja ya pili, nayo ni nzito zaidi. Je, kila kushika ni kwema? Mwaka 2022 zilitangazwa molekuli zenye atomu mbili za disprosiamu au terbiamu ambazo, chini ya kelvini 50, hazikuuacha mwelekeo wao hata zilipokabiliwa na uga wa sumaku wa tesla 14. Na mashine nyingi za hospitali zipigazo picha za mwili kwa sumaku ni za tesla 1.5 au 3. Huo ni ushupavu wa ajabu. Lakini molekuli hushika mwelekeo wowote iliopewa, wa juu sawa na wa chini. Uthabiti haujui haki. Mtu aliye thabiti katika uovu ni hatari kuliko mwovu anayelegea, na kitu kisichoweza kugeuzwa kabisa hakiwezi hata kuandikwa habari mpya.

Lugha yetu imekwisha kututayarishia jibu. Husema mtu ni mgumu, husema ni mkaidi, husema ni shupavu, tena husema ni thabiti, wala maneno haya manne hayabadilishani nafasi. Mgumu hapenyeki, mkaidi hapenyeki hata penye sababu, shupavu huvumilia. Lakini thabiti ni ndugu wa kuthibitisha na ithibati: ni yule aliyepimwa akaonekana kuwa ndiye. Kupimwa maana yake ni kukubali kujaribiwa, na anayekubali kujaribiwa amekubali pia kwamba yawezekana akageuzwa, mradi ageuzwe kwa haki.

Kizingiti, kabla hakijachukuliwa na elimu ya nishati, ni kitu cha mlangoni. Kila nyumba njema ina kizingiti, si kwa kuwazuia watu wote wasiingie, bali ili anayeingia aonekane anaingia, na anayetoka ajue ametoka. Anayeibadili rai yake kwa hoja iliyomshinda amevuka kizingiti mchana, kwa miguu yake, mbele ya watu. Huyo hakulegea, na tusimwite kigeugeu. Aliyelegea ni yule ambaye hakuna hoja iliyomshinda wala nguvu iliyomlazimisha. Ambaye ukimwuliza ni siku gani aliiacha ahadi yake hawezi kuitaja, kwa kuwa hakupita mlangoni. Alivuja ufani, kidogo kidogo, kwa mitikisiko ya kila siku ambayo hakuihesabu.

Basi tunapomlea mtu, au tunapojilea wenyewe, tusiongeze urefu wa kizingiti tu, kwa viapo vikubwa na maonyo makali. Tutazame umbo, tunyoshe mhimili, tupunguze makelele, tuzibe nyufa. Na mlango tuuache mahali pake.